GPS ya Simu Inapopoteza Njia

Kipokezi cha GPS kilicho ndani ya simu hakitumi kitu chochote angani. Kazi yake ni kusikiliza. Setilaiti zipatazo 31 za Marekani huizunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikikamilisha mizunguko miwili kwa siku, na kila moja hutangaza bila kukoma saa yake na njia inayopita. Simu hupima mawimbi yamechukua muda gani kufika, muda usiofikia hata sehemu ya kumi ya sekunde, kisha huugeuza muda huo kuwa umbali. Umbali kutoka setilaiti tatu ungetosha kama simu ingekuwa na saa ya atomu kama zile zilizo angani. Haina. Kwa hiyo huhitaji setilaiti ya nne ya kusahihisha saa yake ya bei rahisi, maana saa ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, hesabu inakosea kwa mita 300.

Setilaiti hurusha mawimbi hayo kwa nguvu inayokaribiana na ya balbu ya kizamani ya nyumbani. Yakifika Lubumbashi, mji wa Kongo, yamechoka kabisa. Bati la paa huyazuia, zege huyameza, majani ya mwembe yaliyolowa mvua huyapunguza, na mwili wa mtu aliyeibana simu mfukoni hufanya vivyo hivyo. Kuta za shimo la mgodi nazo hudhuru, kwa kuwa zinaziba nusu ya anga. Shaba iliyo chini ya ardhi ya Katanga haina hatia: mawimbi hutoka juu, na shaba haina sumaku hata ya kuisumbua dira.

Nukta ya buluu inayoonekana kwenye ramani haitoki kwa setilaiti peke yake. Simu huchanganya taarifa za aina tatu na kumwonyesha mtumiaji jibu moja, bila kumwambia limetoka wapi. Setilaiti, mahali palipo wazi, hutoa jibu lenye kosa la mita 5 hivi. Mitambo ya Wi-Fi iliyo karibu hutoa jibu la makumi ya mita, kwa sababu kampuni za programu zina orodha ya mitambo hiyo na mahali ilipowahi kuonekana. Minara ya simu hutoa jibu la mamia ya mita, pengine kilomita kadhaa. Duara hafifu linaloizunguka nukta ndilo linaloonyesha simu ina uhakika kiasi gani: duara likifunika mtaa mzima, setilaiti bado hazijapatikana na simu inakisia kwa minara. Kuna pia kosa la kuchekesha linalotokana na Wi-Fi. Mtu akihama kutoka Likasi na kuja na ruta yake, simu zilizo karibu nayo zinaweza kuonyesha kwamba ziko Likasi, kilomita 120 hivi kutoka hapo zilipo, mpaka orodha ile irekebishwe. Hakuna kitu cha kutengeneza katika simu hizo.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, yafaa kufanya jaribio moja ambalo hutenganisha ubovu wa simu na mambo mengine yote. Linahitaji programu ya bure inayoonyesha setilaiti moja moja, kama vile GPSTest au GPS Status & Toolbox, ipakuliwe mapema wakati mega za intaneti zipo. Kisha simu ipelekwe mahali pasipo na paa wala miti: uwanja wa mpira, ua wa shule, kiwanja kitupu. Kava litolewe. Localisation, yaani huduma ya mahali, iwashwe, Wi-Fi izimwe, na simu iwekwe katika Mode Avion. Katika hali hiyo simu za siku hizi haziwasiliani na mnara wowote lakini bado husikiliza setilaiti, kwa kuwa kusikiliza hakuhitaji kutuma. Simu ilazwe juu ya kitu, kioo kikitazama juu, na iachwe itulie.

Kwenye programu hiyo kila setilaiti ina mstari wake na tarakimu ya nguvu ya mawimbi. Pale palipo wazi, simu nzima huonyesha setilaiti kadhaa zenye tarakimu kati ya 35 na 45. Mbali na GPS ya Marekani, huonekana pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, ikiwa kipokezi kinazifahamu. Simu za bei ya chini huenda zikaishia kwenye mbili za kwanza, na hiyo si dosari. Mahali pakipatikana ndani ya dakika chache, kipokezi na antena ni vizima, na tatizo litafutwe kwenye mipangilio, kwenye dira au kwenye ramani. Setilaiti zikionekana nyingi lakini zote zikawa chini ya 25, kuna kitu kinachoziba au antena haigusi vizuri. Na ikipita robo saa bila mstari hata mmoja, ubovu uko ndani, au programu ya simu yenyewe imevurugika.

Robo saa si namba ya kubahatisha. Setilaiti hutangaza habari zake polepole mno, biti 50 kwa sekunde. Habari za njia yake yenyewe huchukua sekunde 30 kupokewa zote, na mawimbi yakikatika katikati, sehemu iliyokosekana husubiriwa irudiwe. Kalenda ya setilaiti zote pamoja huchukua dakika 12 na nusu. Simu yenye intaneti huruka foleni hiyo: huzipakua habari zilezile, ziitwazo habari za msaada, kupitia mtandao kwa muda mfupi sana. Msafiri aliyepanda ndege Kinshasa na kushuka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, amehamisha simu yake zaidi ya kilomita 1,500 ikiwa imezimwa. Akiiwasha bila mega, tena akiwa ndani ya teksi inayotembea, simu itatafuta setilaiti kwa kutegemea habari zilizochakaa na itamwonyesha Kinshasa kwa dakika nyingi. Dawa ni kununua mega kidogo au kusimama mahali pa wazi na kusubiri. Wengi hawasubiri, huzima na kuwasha simu kila dakika mbili, na kila mara husababisha utafutaji uanze upya.

Msafiri huyohuyo ana mtego mwingine. Kongo ina kanda mbili za saa, na Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Baadhi ya watu huisogeza saa ya simu kwa mkono na kuacha jina la mji likiwa Kinshasa. Machoni saa inakuwa sahihi, lakini ndani simu inaamini kwamba muda wa dunia umesogea mbele kwa saa nzima. Kwa baadhi ya simu, hasa za zamani, hilo huchanganya utafutaji, kwa sababu ndani ya saa moja kila setilaiti imekwenda mbali sana na mahali inapotazamiwa. Tarehe ikiwa imekosewa kwa siku au miezi, hata upakuaji wa habari za msaada hukataliwa. Ni afadhali saa na tarehe ziachwe zijipange zenyewe, au mji uchaguliwe Lubumbashi. Zipo pia simu na vifaa vikuukuu ambavyo hesabu yake ya wiki iliishia tarehe 6 Aprili 2019: GPS huhesabu wiki 1,024 kisha huanza tena sifuri, na kifaa ambacho hakikuongezewa programu mpya hurudisha tarehe nyuma karibu miaka 20.

Mipangilio ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya malalamiko. Simu nyingi mjini zimepangwa kwa Kifaransa, na majina ya menyu yanatajwa hapa kama yanavyosomeka kwenye kioo. Katika Android, njia ni Paramètres, kisha Localisation. Katika iPhone ni Réglages, Confidentialité et sécurité, kisha Service de localisation. Kuwasha swichi kuu hakutoshi, kwa kuwa kila programu ina ruhusa yake. Tangu Android 12 ya mwaka 2021 na iOS 14 ya mwaka 2020, mtumiaji anaweza kuipa programu mahali pa kukadiria tu, na aliyebonyeza jibu hilo kwa haraka siku ya kwanza husahau. Matokeo yake ni dereva wa teksi anayeonekana kwenye ramani ya abiria akiwa mitaa kadhaa mbali, ilhali kipokezi chake hakina kasoro. Ruhusa ya Position exacte iwashwe kwa programu za ramani na za usafiri. Nyingine hazina haja nayo.

Kuna swichi moja ambayo Lubumbashi ina sababu zake za kuiacha imewashwa mwezi mzima, nayo ni Économiseur de batterie. Umeme ukikatika jioni na kurudi usiku wa manane, kila mtu huichunga betri yake. Lakini katika simu nyingi za Android, kubana matumizi ya betri husimamisha utafutaji wa mahali mara kioo kinapozimika. Mwendesha pikipiki aliyeweka simu mfukoni huku akisikiliza sauti ya kumwongoza, au mtu anayepima kilomita alizotembea, hupata mstari uliokatikakatika, ukiruka kutoka njia panda moja hadi nyingine kwa kukata juu ya nyumba. Simu nyingi za bei nafuu huongeza mlinzi mwingine wa betri anayeua programu zilizo nyuma ya kioo. Programu ya ramani inapaswa kuondolewa kwenye orodha yake.

Simu iliyonunuliwa mkononi ikaguliwe kitu kimoja zaidi. Kwenye Options pour les développeurs kuna nafasi ya kuchagua programu ya mahali pa uongo. Aliyekuwa nayo kabla akiwa aliitumia kudanganya mahali alipo, nukta itaganda palepale alipoiacha, hata simu ikipelekwa Kasumbalesa na kurudi. Nafasi hiyo iachwe tupu.

Mipangilio ikiwa sawa na jaribio la uwanjani likashindwa, habari za msaada zilizohifadhiwa zifutwe na kupakuliwa upya; GPS Status & Toolbox ina kitufe cha kazi hiyo. Baada ya hapo simu izimwe na kuwashwa, na masasisho yake yawekwe. Kuirudisha simu katika hali ya kiwandani kuwe kwa mwisho, baada ya picha, majina na mazungumzo kuhifadhiwa kwingine. Kama matatizo yalianza baada ya fundi kuiflashi simu, inawezekana iliwekewa programu ya modeli inayofanana nayo. Ishara ya wazi ni kwamba hata namba ya IMEI, inayoonekana kwa kubonyeza *#06#, imepotea au imebadilika. Hapo inatakiwa programu halisi ya modeli hiyo, na kurekebisha GPS peke yake hakutasaidia.

Mshale unaogeuka upande usiofaa ni tatizo jingine kabisa, ingawa watu huliweka kapu moja na GPS. Setilaiti humwambia mtu alipo. Akisimama tuli, haziwezi kumwambia anatazama wapi. Kazi hiyo ni ya dira, kihisi kidogo cha sumaku kilicho ndani ya simu. Kava lenye kifungo cha sumaku huivuruga, na kishikio cha sumaku kwenye dashibodi ya gari huivuruga zaidi, sembuse spika kubwa iliyo karibu. Lubumbashi ina kipimo cha dira kilichosimama wazi: bomba la moshi la Gécamines na mlima wa mabaki ya shaba ulio pembeni yake. Kutoka mahali panapoonekana bomba, simu ielekezwe moja kwa moja kwalo, na mshale kwenye ramani ulielekee pia. Ukienda kando, kava litolewe na simu izungushwe hewani mara kadhaa kwa umbo la namba 8, ikigeuzwageuzwa. Mshale usiporekebika hata hivyo, mtumiaji aanze kutembea: akienda hatua kadhaa, simu hupata mwelekeo kutokana na mwendo wenyewe na dira haihitajiki sana.

Wakati mwingine nukta ni sahihi na ramani ndiyo inayodanganya. Mitaa mipya ya komine ya Annexe na pembezoni mwa Ruashi hujengwa kabla haijachorwa, na avenue moja huweza kuwa na jina moja kwenye kibao, jingine kwenye ramani na la tatu midomoni mwa watu. Jina la komine ya Kenya nalo, likiandikwa peke yake kwenye programu, laweza kumpeleka mtafutaji hadi nchi nyingine. Ndipo wengine hutumiana namba za mahali, na hapo hutokea kosa lisilosameheka kirahisi. Namba za katikati ya Lubumbashi huanzia -11.66 na 27.48. Alama ya kutoa ikisahauliwa, mahali panahamia kaskazini ya ikweta, Kordofan Magharibi nchini Sudan, zaidi ya kilomita 2,500 kutoka mjini. Namba zikibadilishana nafasi, mgeni anatumwa Sahara Magharibi. Na kwa kuwa Kifaransa huandika desimali kwa mkato, anayeandika 11,66 mahali pa 11.66 huifanya programu ione namba nne badala ya mbili.

Zikibaki tarakimu za chini hata uwanjani, bila kava na baada ya hatua zote hizo, simu ifunguliwe. Katika simu nyingi, mgongo ukitoka huonekana fremu ya plastiki iliyoshikwa na skrubu ndogo kumi au zaidi. Kwenye plastiki hiyo kuna mistari myembamba ya shaba, imechapwa au imebandikwa. Hizo ndizo antena. Ya GPS mara nyingi huwa sehemu ya juu ya simu, na katika modeli nyingi hutumiwa pamoja na Wi-Fi, ndiyo maana fundi mzuri huuliza kwanza kama Wi-Fi nayo imedhoofika. Antena hiyo haijaungwa na bodi kwa waya. Kwenye bodi hutokeza vilimi vidogo vya chuma vilivyopakwa dhahabu, virefu kama punje ya ulezi, na fremu ikifungwa antena huvikalia. Mguso huo mdogo ndio unaobeba mawimbi yote.

Ndiyo maana ubovu mwingi wa ndani huanza siku simu ilipobadilishwa kioo au betri. Kilimi kimelazwa na bisibisi. Gundi imeingia chini yake. Skrubu mbili za juu hazikurudishwa, na fremu haikandamizi tena. Au mgongo mpya, wa bandia, unafanana na ule wa asili kwa rangi lakini ndani hauna mistari ya shaba. Maji nayo huchangia: kuanzia Novemba hadi Aprili simu hunyeshewa, unyevu hujikusanya kwenye vilimi, na baada ya wiki chache huota kutu ya kijani.

Matengenezo yake ni ya uvumilivu kuliko vifaa. Simu huzimwa na waya wa betri huchomolewa kwanza. Vilimi na mistari husafishwa kwa alkoholi ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi na mswaki laini. Manukato na mafuta ya taa huacha utando, na pombe ya kunywa ina maji mengi. Doa lililokataa hufutwa taratibu kwa kifutio cha penseli. Kilimi kilicholala huinuliwa kwa kibanio chembamba, chini ya milimita moja, kwa sababu kikikunjwa mara mbili huvunjika. Skrubu hupangwa juu ya karatasi kwa mpangilio zilivyotoka: ndefu ikiingizwa kwenye tundu la fupi hutoboa bodi, na hasara hiyo hupita thamani ya GPS mara kumi. Multimeta hutumiwa kuhakikisha kwamba mstari wa antena haujakatika kati ya mwisho mmoja na mwingine. Fremu yenye antena iliyokatika hubadilishwa, na ya kutolewa kwenye simu iliyokufa ya modeli ileile hufaa sana.

Zaidi ya hapo kazi inaingia ndani ya bodi. Kuna kichujio na kikuza mawimbi, vipande vidogo kuliko punje ya mchele, vinavyotolewa kwa hewa ya moto chini ya hadubini, na fundi anayevishika bila mchoro wa bodi anabahatisha. Pale ambapo kipokezi kimejengwa ndani ya chipu kuu, kama ilivyo katika simu nyingi za bei nafuu, kukitengeneza hakuna maana kifedha. Ni nafuu kununua kipokezi cha pembeni cha Bluetooth au kutumia simu nyingine kwa safari.

Kasoro chache hutoka nje ya simu. Chaja ya gari ya bei ya chini yaweza kutoa kelele ya mawimbi inayofunika sauti hafifu ya setilaiti, na jaribio lake ni kuichomoa tu na kutazama tarakimu zikipanda. Kuna pia anga lenyewe. Katika nchi za ukanda wa ikweta, tabaka la juu la hewa lililochajiwa na jua huchafuka saa chache baada ya machweo, hasa katika miezi iliyo karibu na Machi na Septemba, na nukta huweza kuyumba usiku kisha ikatulia asubuhi. Simu zinazopokea masafa mawili, ambazo ya kwanza ilikuwa Xiaomi Mi 8 ya mwaka 2018, huweza kusahihisha sehemu ya ucheleweshaji unaoletwa na tabaka hilo. Kosa linaloonekana usiku peke yake halipelekwi kwa fundi.

Simu iliyotengenezwa hupimwa ikiwa imefungwa kabisa, skrubu zote zikiwa mahali pake, kwa kuwa fremu iliyoegeshwa tu hugusa leo na kuachia kesho. Meza ya fundi chini ya bati haifai kwa kipimo hicho. Malipo hutolewa nje, barabarani, katika Mode Avion, baada ya setilaiti kadhaa kupita 35.